Miaka 11 tangu nipunguzwe matiti: yaliyonifika baada ya vidonda kupona

#1 FundiWaNgamiani

Assalaam aleykum, na habari za jioni kwa wote.

Nyuzi za upasuaji wa kupunguza matiti ninazokutana nazo karibu zote zinaishia wiki ya 6. Bandeji zimetolewa, mtu kavaa gauni lake, kashukuru, kaondoka. Aliyerudi kueleza mwaka wa 5 au wa 10 ukoje sijamwona. Mimi nilipasuliwa mwaka 2014 nikiwa na miaka 26. Leo nina 37, watoto wawili, fundi cherehani hapa Tanga. Naandika yote ninayoyakumbuka. Mnivumilie, ni ndefu.

Nilivyokuwa: sidiria 44 G, na hiyo naisaka kwenye mtumba wiki nzima. Chini ya matiti harara haiishi, hasa Januari na Februari. Nilikuwa nakunja vipande vya khanga kuukuu naviweka pale asubuhi, jioni navitoa vimelowa. Nikikaa kwenye cherehani titi linatangulia mezani, sindano naiona nusu. Miaka mitatu nilimeza dawa za shingo mpaka daktari mmoja akaniambia waziwazi kwamba shingo haina ugonjwa, imebeba mzigo.

Waliondoa gramu 780 kulia na 840 kushoto. Siku niliposimama mara ya kwanza nilihisi naangukia nyuma, maana mwili ulikuwa umezoea kuvutwa mbele.

Niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya: sijutii. Shingo ilitulia ndani ya wiki chache na haijarudi kuuma namna ile. Harara imekwisha. Mifereji ya mikanda mabegani ipo mpaka leo, ukinipapasa unaikuta. Ninachosikitika ni kwamba nilielezwa siku ya upasuaji na mwezi wa kwanza, miaka iliyobaki nikaachiwa niigundue peke yangu.

Nianze na ganzi. Mafundi tuna tabia ya kuchomeka pini kifuani tukiwa tunampima mteja. Siku moja mwaka 2016 nampima bibi harusi, pini nne nimezichomeka upande wa kushoto. Yeye ndiye aliyeniambia, "Dada, unatoka damu." Nikatazama chini, doa jekundu kama punje ya mtama limetokeza kwenye dera. Pini imeingia mwilini na sijui imekaa humo dakika ngapi. Titi la kushoto, kuanzia chuchu mpaka kovu la chini, halina hisia. La kulia zilirudi baada ya miezi kama minane, zikaja na michomo kama ya umeme, usiku nashtuka. Kushoto hazikurudi. Siku hizi pini zangu zinakaa kwenye kimto nilichokishona nikakifunga mkononi.

Na hilo la ganzi liliniunguza. Nilipojifungua mwaka 2017 nilikuwa nakandwa kama kawaida yetu, na maziwa yalipochelewa nikakandwa matiti kwa taulo la maji ya moto. La kulia nikasema "moto huo, mama", taulo likatolewa. La kushoto nilinyamaza, sikusikia kitu. Jioni malengelenge matatu. Mkandaji wangu alilia kuliko mimi. Ningekuwa nimemwambia mapema, lakini hata mimi sikufikiria.

Kunyonyesha sasa. Kabla ya upasuaji niliuliza, nikajibiwa neno moja: "Utanyonyesha." Siku ya tatu baada ya kujifungua titi la kulia likatoa maziwa. La kushoto likavimba kama jiwe upande wa kwapani, linauma, na chuchu inatoa matone tu. Baada ya wiki likanywea lenyewe. Mtoto anashinda kifuani, analala kwa uchovu, wala si kwa shibe. Nikaambiwa sili vizuri, nikapikiwa uji wa pilipili manga asubuhi na jioni. Kliniki ya wiki ya pili mtoto hajarudisha hata uzito wa kuzaliwa. Nesi alipofungua nguo akauliza, "Haya makovu ni ya nini?" Ndipo nikaanzishiwa maziwa ya kopo ya kuongezea. Mwanangu yuko darasa la pili sasa, ana afya tele, lakini zile siku 14 alizolala na njaa kifuani kwangu bado ninazo.

Wa pili, 2020, nilikwenda nimejipanga. Titi kwanza, kopo baadaye, uzito kila wiki. Na maziwa yalikuwa mengi kuliko mara ya kwanza, hata kushoto pakatoka kidogo.

Kabla ya hao watoto kuna uvimbe. Mwaka mmoja na nusu baada ya upasuaji, ninaoga, nikakuta gololi chini ya kovu la kulia. Ngumu, haihami. Mama yangu mdogo alifariki kwa saratani ya titi. Nilikaa siku 9 bila kumwambia mtu, mchana nashona, usiku naipapasa. Nilipokwenda wakapiga ultrasaundi, kisha wakachoma sindano kuchukua nyama kidogo ya maabara. Majibu: mafuta yaliyokufa. Sehemu ya mafuta ya titi ilikosa damu wakati wa upasuaji, ikafa, ikakakamaa. Gololi ipo mpaka leo, imepungua. Kama mtu angenitajia tu kwamba kitu hiki kipo, ningekwenda kupima kesho yake badala ya kukaa siku 9 nikijiandikia wosia.

La mwisho ndilo lililonifanya niandike uzi huu. Baada ya mtoto wa pili niliongezeka kilo 17 na matiti yakarudi, si kama zamani, ila sidiria ni 42 F na shingo imeanza kunikumbusha. Tena yameshuka kwa chini, chuchu inatazama juu. Mwaka huu nikamwona daktari mwingine kuuliza kama naweza kupunguzwa tena. Swali lake la kwanza: "Walipokupasua, chuchu waliiacha imeshikwa na nyama ya upande gani?" Sikujua. Akasema bila kujua hilo anaweza kukata njia ya damu iliyobaki na chuchu ikafa. Nikarudi nilikopasuliwa. Nimekwenda mara tatu. Faili langu halipo. Mara ya tatu nikaambiwa mafaili ya miaka ile yalihamishwa na mengine yaliharibika.

Nina makovu yangu na kumbukumbu yangu, karatasi sina. Kama umepasuliwa, hata jana, nenda kaombe nakala ya ripoti ya upasuaji wako.

#2 Bado_Naamua

Shikamoo dada. Nimesoma yote nimesimama kwenye foleni ya mwendokasi, machozi yananitoka.

Nina miaka 24, sina mtoto. Nimeshaandikiwa barua ya rufaa, na hospitali ya Mloganzila siku hizi wanafanya upasuaji rekebishi. Swali langu: ningoje nizae kwanza? Kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. Bima yangu imeshasema huo ni urembo, kwa hiyo pesa ni zangu na sitaweza kuzitoa mara mbili.

#3 Mja_wa_Mola

Dada pole kwa uliyopitia, sikuhukumu. Ila mimi naamini Mungu hakosei kuumba. Mama zetu walikuwa na matiti makubwa wakalima, wakazaa, wakanyonyesha watoto tisa. Hayo yote ya kopo na ganzi yasingekuwepo kama ungesubiri. Nasema kwa mapenzi, wadogo wanasoma humu.

#4 FundiWaNgamiani

@Mja_wa_Mola ahsante kwa kusema kwa adabu. Kabla ya kupasuliwa nilimwendea shekhe wa mtaani kwetu na swali hilohilo. Akaniuliza ninalalaje, ninasali vipi. Nikamwambia nikirukuu shingo inakakamaa, nikisujudu napata shida kupumua. Akasema kuondoa maradhi si sawa na kubadili umbile kwa kutafuta urembo. Hilo lilinitosha.

Na mama zetu waliolima waliumwa. Bibi yangu alifunga kaniki kifuani akaikaza mpaka mbavuni ili aweze kushika jembe. Alikuwa hasemi tu.

@Bado_Naamua marahaba mdogo wangu. La kungoja au kutongoja sitakuamulia. Mimi ningerudi 2014 ningefanya vilevile, ila ningeuliza maswali zaidi. Ngoja wenye utaalamu waje.

#5 Nesi_Mstaafu

Nimefanya kazi chumba cha upasuaji zaidi ya miaka 20, sasa napumzika nyumbani. Fundi, umeeleza vizuri. Naomba niongeze kile unachosema hukuambiwa.

Katika upasuaji huu chuchu kwa kawaida haitolewi ikarudishwa. Inabaki imeshikwa na kikonyo cha nyama, kama embe na kikonyo chake. Ndani ya kikonyo hicho inapita mishipa ya damu, ya fahamu, na vijia vya maziwa. Nyama ya pembeni inakatwa, kisha chuchu na kikonyo chake vinapandishwa mahali papya na ngozi inashonwa kuzunguka. Kikonyo kinaweza kuachwa chini, au juu, au juu kwa upande wa ndani. Swali la yule daktari lilikuwa hilo, na alikuwa na haki ya kuliuliza.

Mambo mengi uliyoyaona yanatoka hapo. Kikonyo kikiwa chini, uzito wa titi umekaa chini, na miaka ikienda nyama inateremka wakati chuchu imebaki ilipowekwa. Ndiyo unaona inatazama juu. Nyama iliyo nyuma ya chuchu ikiachwa bila kukatwa, nafasi ya kunyonyesha ni kubwa. Ikikatwa, inashuka sana. Ule uvimbe wa kwapani siku ya tatu ni sehemu ya titi iliyotengeneza maziwa lakini njia yake ya kutokea ilikatwa, ikajaa, ikasimama. Na maziwa kuongezeka kwa mtoto wa pili si ajabu, kuna vijia vinavyojiunga tena baada ya muda.

Bado_Naamua, mwanangu, ukitaka kunyonyesha mwambie daktari kwa maneno hayohayo: "Nataka kunyonyesha, utaacha nyama nyuma ya chuchu?" Anaweza kupanga ukataji kulingana na jibu. Hakuna atakayekuhakikishia asilimia mia, na atakayekuhakikishia muulize mara ya pili. Pia ujue ujauzito na uzito vinaweza kuyakuza tena au kuyashusha. Kama unavuta sigara au shisha, iache wiki kadhaa kabla na baada, maana nikotini inabana mishipa ya damu, na chuchu inaishi kwa mishipa michache tu.

Kuna kitu kimoja kitamfurahisha fundi. Lile kovu linalozunguka chuchu, likashuka wima, likapita chini ya titi, ambalo watu wanaliita nanga, lilienea kutokana na mchoro wa daktari wa Marekani, Robert Wise, aliouchapisha mwaka 1956. Mchoro huo aliutoa kwenye sidiria, kwa kuangalia jinsi vipande vyake vinavyokatwa ili kitambaa bapa kikae kwenye umbo la duara.

#6 Mie_Mvita

Salaam kutoka Mombasa. Mie kitambo nasoma tu humu, leo yanipasa niseme.

Nilipasuliwa 2018. Ganzi sina, namshukuru Mola. Mie ilonitesa ni keloidi. Kovu la chini lilipofika mwezi wa nne lilianza kunyanyuka, kwanza upande wa kwapani, kisha katikati ya kifua hapa matiti yanapokaribiana. Lawasha usiku mpaka wajikuna na huku walia. Waya wa sidiria ukiligusa ni kama mtu akupaka pilipili.

Nalisikia watu wasema likatwe. Daktari wa ngozi akaniambia ukilikata peke yake bila matibabu mengine huenda likarudi kubwa zaidi ya lilivyokuwa. Akanidunga sindano za steroidi ndani ya kovu, kila baada ya wiki 4 hadi 6, mara saba jumla. Sindano zenyewe zauma, sitawadanganya. Limelala sasa, lakini ngozi pale imekuwa nyeupe, kama tone la maziwa kwenye chai. Mpaka leo nalala na karatasi ya silikoni juu yake.

Na nalikuwa na dalili. Nilipotobolewa sikio nikiwa mdogo liliota kinundu. Hakuna alouliza habari ya sikio langu kabla ya kunikata kifua. Dada zangu, hasa sisi wenye ngozi nyeusi ambao keloidi hutushika zaidi, mkiwa na kovu lolote lilowahi kufura, la sikio, la chanjo begani, mwonesheni daktari mbele ya kila kitu.

#7 FundiWaNgamiani

@Nesi_Mstaafu hiyo ya sidiria imenikalisha chini. Jana usiku nilichukua sidiria yangu kuukuu nikaifumua. Vipande viwili vya kikombe nikavilaza kwenye karatasi, nikachora. Kisha nikasimama mbele ya kioo nikatazama kovu langu. Ni mshono uleule. Mstari wa wima ni pale vipande vinapokutana, wa chini ni pale kikombe kinaposhonwa kwenye mkanda. Miaka 11 nimebeba mshono ninaoujua na sikuutambua.

Na pale mistari miwili inapokutana, chini katikati, ndipo kidonda changu kilipofumuka wiki ya tatu, kikatoa majimaji, kikachelewa kufunga mwezi mzima. Fundi yeyote atakwambia kona ndiyo inayoachia kwanza, maana ndipo kitambaa kinapovutwa pande zote.

#8 Mgosi_wa_Shambalai

Samahani kinadada kwa kuingia. Mimi ni mwanaume, mke wangu alifanya upasuaji huu miaka sita iliyopita, kabla hatujaoana. Nimepata uzi huu kwa sababu nilikuwa natafuta jibu.

Tangu tuoane, nikimgusa kifuani anatoa mkono wangu. Nilijua hanitaki. Tumegombana kwa hilo, na mimi nimewahi kusema maneno ambayo leo nayaonea aibu. Nilipofika kwenye habari ya pini nikasimamisha kusoma. Nikaenda nikamuuliza polepole, "Unasikia nikikugusa?" Akakaa kimya, kisha akasema upande mmoja hasikii kitu, na upande mwingine anasikia kupita kiasi, kama kuchomwa. Hakuwahi kuniambia kwa sababu alidhani nitaona nimeuziwa kitu kibovu. Ndivyo alivyosema, kwa maneno hayo.

Sina la kuwafundisha. Nauliza tu, je, kuna cha kufanya, au ndiyo hivyo?

#9 Zenji_Muscat

@Mgosi umefanya la maana kumuuliza. Wengi hawaulizi.

Mimi naishi Muscat, nilipasuliwa 2012. Yangu yalikuwa makubwa mno na nina kisukari, kwa hiyo daktari alisema kikonyo kitakuwa kirefu na damu haitafika. Chuchu zilitolewa kabisa zikarudishwa kama kiraka cha ngozi. Niliambiwa mapema, niliweka saini nikijua: maziwa hakuna, hisia zile hakuna. Nilikuwa na miaka 41 na wanangu wameshakua, nikasema sawa.

Lakini kujua na kuishi ni vitu viwili. Rangi ya chuchu ya kushoto imetoka mabaka, nusu nyeupe. Mwaka wa kwanza nilikuwa navua nguo gizani. Mume wangu, Mungu amrehemu, siku moja aliwasha taa akasema, "Nimeoa mtu anayelala chali sasa, zamani ulikuwa huwezi." Tukazoea. Mwili una sehemu nyingine, bwana Mgosi. Mkeo akuoneshe yeye wapi anasikia na wapi hapendi, na pale panapochoma usiparudie.

#10 Nesi_Mstaafu

@Mgosi baada ya miaka sita hisia zilizopotea kwa kawaida hazirudi. Ila ile ya kusikia kupita kiasi inaweza kupunguzwa. Wengine husaidika kwa kuzoesha ngozi polepole kwa kitambaa laini, na kuna dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu ambazo daktari anaweza kuandika. Amwone daktari, aeleze kama alivyokueleza wewe.

Na nyote, mliopasuliwa mnapaswa kuendelea kuchunguzwa matiti kama wengine. Kupunguzwa hakuondoi saratani. Marekani mwaka 2024 jopo lao la vipimo vya kinga lilishusha umri wa kuanza mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti, kutoka 50 hadi 40, kila baada ya miaka miwili, kwa mwanamke asiye na hatari ya ziada. Fundi, una mama mdogo aliyefariki kwa ugonjwa huo, mweleze daktari, huenda wewe ukashauriwa tofauti. Mkienda kupimwa, mwambieni mpiga picha KABLA hajaanza kwamba mlipunguzwa, na mwaka gani. Makovu ya ndani na mafuta yaliyokufa hutoka kwenye picha kama madoa na chembe za chokaa, na asiyejua historia yako anaweza kukutisha bure, au akadharau kitu ambacho hakikupaswa kudharauliwa. Picha za zamani zitunzwe zilinganishwe na mpya.

Jingine: nyama iliyokatwa hupelekwa maabara. Majibu yake ulipewa?

#11 FundiWaNgamiani

Sikupewa. Sikujua hata kama ilipelekwa.

#12 Bado_Naamua

Nimeandika kila kitu kwenye daftari. Kikonyo kitakaa wapi. Nyama ya nyuma ya chuchu. Keloidi (mama yangu ana moja shingoni, sikuwahi kufikiria inanihusu). Majibu ya maabara. Nakala ya ripoti.

Nimeamua sitangoja kuzaa. Sina mchumba, na mgongo unaniuma leo. Nikija kupata mtoto nitafanya kama dada alivyofanya kwa wa pili, titi kwanza, kopo pembeni, mizani kila wiki.

#13 Zenji_Muscat

Daftari hilo mpe mama au dada yako alishike siku ya kumwona daktari. Wewe utakuwa umevua nguo na utasahau nusu.

#14 Mie_Mvita

Nimerudi na habari. Baada ya kusoma post ya kwanza nalikwenda nilikopasuliwa kuomba ripoti. Walinizungusha siku mbili, yataka barua, yataka nakala ya kitambulisho, yataka kulipia. Leo nimeipata. Kurasa mbili, mwandiko wa daktari, na muhuri.

Nesi, nisaidie. Imeandikwa kikonyo ni cha juu upande wa ndani, pande zote mbili. Gramu 610 kulia, 595 kushoto. Na karatasi ya maabara imeambatishwa, yasema hakuna dalili ya saratani. Miaka saba karatasi hii imekaa kabatini kwao, mie sijui.

#15 Nesi_Mstaafu

Ndicho kitu chenyewe, binti yangu. Ipige picha, uitume kwa mtu mwingine wa nyumbani, na karatasi yenyewe weka na vyeti vyako.

#16 FundiWaNgamiani

Hongera sana Mie_Mvita. Nimefurahi kama ni yangu.

Kwangu mimi: daktari aliyenipasua alihamia mkoa mwingine, nikapata namba yake kupitia nesi wa zamani. Amenipokea vizuri. Anasema miaka ile wagonjwa wake karibu wote aliwaachia kikonyo cha chini, lakini bila faili hawezi kuniapia. Nimempelekea daktari wa sasa hayo maneno. Anasema yanalingana na anavyoliona titi lilivyoshuka, ila kwa neno la "karibu wote" hatashika kisu kuhamisha chuchu. Tumekubaliana nipunguze uzito kwanza, kisha aangalie kama kunyonya mafuta peke yake kutatosha, bila kuigusa chuchu. Mamografia nakwenda Alhamisi ijayo, na nimeshaandika kikaratasi cha kumpa mpiga picha.

Wakati huo shingo inataka msaada, kwa hiyo nimejishonea sidiria. Mkanda wa bega upana wa sentimita 5 badala ya hizi nyembamba za dukani, ndani nimeweka bitana ya pamba mara mbili, waya nimeutoa kabisa, na mshono wa chini nimeushusha usikae juu ya kovu. Nimeivaa siku nne na joto hili la Tanga na sijawashwa. Mie_Mvita, kwa keloidi yako ya kwapani nadhani ukingo wa pembeni ukatwe mviringo zaidi, nitajaribu.

Mchoro wa kukatia sidiria hiyo naupiga picha kesho asubuhi kukiwa na mwanga, nitauweka hapa pamoja na vipimo vya namba 38 hadi 46.